Dizeli Haichagui Chakula

Habari kwamba mzee Anyitike amefariki hospitalini Mbeya zilifika Kyela kabla jua halijapanda. Hebroni, mtoto wake wa kwanza, hakulia. Alikwenda kwenye pikapu yake, akafungua boneti, akapima oili, akaugusa mkanda wa feni kwa kidole gumba kama mtu anayempapasa mtoto mwenye homa. Machozi yangekuja kwa wakati wake. Mbele yake kulikuwa na kazi moja, kumrudisha baba nyumbani Busale, na kazi hiyo alikuwa ameagizwa yeye.

Aliagizwa Jumapili iliyotangulia, wodini. Mzee alikuwa amelala ubavu, sauti imebaki nyembamba kama uzi. Alimshika mkono akamvuta karibu.

"Gwe Hebroni," alisema. "Mkinirudisha, nirudishe wewe na dizeli yako. Lile gari la mdogo wako Godlove halina sauti. Mtu harudi kwao kimyakimya kama kuku wa wizi. Nataka wanisikie tangu darajani."

"Ndiyo, tata," Hebroni alijibu.

Hapakuwa na mtu mwingine kando ya kitanda. Hebroni alirudi na maneno yale kama mtu aliyebeba yai kiganjani, asimwambie hata mkewe. Kwa miaka mingi mzee alikuwa akipanda gari la Godlove, mtoto wake mdogo, kwenda kanisani, kliniki, hata kwenye misiba ya watu. Alisema pikapu inamtikisa mgongo. Kila Hebroni alipopeleka pikapu uani, alimkuta baba ameshafunga mlango wa gari la mdogo wake na anapunga mkono dirishani. Sasa, mwishoni kabisa, mzee alikuwa amechagua.

Tena alichagua kwa kujua. Enzi za ujana wake alikuwa mtia mafuta kwenye injini za meli zilizotoka Itungi kwenda kusini mwa ziwa, na ndiye aliyemfundisha Hebroni injini bila kitabu. Alichukua pampu ya baiskeli, akaziba tundu lake kwa kidole, akamwambia mtoto asukume kwa nguvu. Kisha akamwambia, gusa. Pampu ilikuwa ya moto.

"Hiyo ndiyo dizeli," mzee alisema. "Haiwashiwi kiberiti. Hewa inabanwa mpaka inashika hasira, mafuta yakinyunyizwa humo yanajiwakia yenyewe. Petroli inasubiri plagi itoe cheche. Plagi ikilowa, habari yake imekwisha."

Hebroni alikua na somo hilo, akalifanya kazi, akalifanya na dini. Ndugu hawa wawili waliligombania kila jioni barazani kwa Mudathiri, aliyeuza vipuri na oili karibu na stendi. Mudathiri alikuwa mtu wa mjini ambaye babu zake walitoka pwani, na hakuna jambo alilolipenda kama kuwachochea.

"Hebroni bwana, ukiwasha gari lako majirani wanatoka na magunia. Wanadhani mashine ya kukoboa imefunguliwa."

"Dizeli ni ng'ombe wa kulimia, kaka," Godlove angedakia. Yeye alikuwa na gari la petroli la viti vitatu nyuma, akipeleka abiria mpakani Kasumulu. "Haina ubaya. Lakini nani anakwenda harusini juu ya ng'ombe? Mimi nagusa ufunguo, limeshawaka. Wewe unapasha, unasubiri, unakohoa moshi, abiria ameshapanda bodaboda."

"Na siku ukizama matopeni Matema utamwita bibi harusi aje akuvute," Hebroni angejibu polepole. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. "Dizeli inavuta kutoka chini, taratibu, na haili sana. Tena haichagui chakula. Petroli ni mtoto wa mjini, akikosa mkate wake analala na njaa."

Hilo la chakula lilikuwa na historia. Miaka miwili nyuma dizeli iliadimika wakati wa mavuno, mpunga umejaa uani kwa watu na mashine za kukoboa zimelala. Hebroni alichukua mafuta ya mawese, yale mekundu ambayo wanawake wa Kyela wanakamua kutoka michikichi yao, akayachuja kwa kitambaa, akayachanganya na dizeli kidogo iliyobaki. Mashine zikanguruma. Kisha akatia kwenye pikapu, akaenda Ipinda, akaenda Matema, akarudi, na nyuma yake moshi ulinukia kama mtu anakaanga ndizi. Watoto walikimbia nao. Mzee Anyitike alicheka mpaka akashika ubavu. Tangu siku hiyo maneno "dizeli haichagui chakula" yakawa ya Hebroni, kama mtu alivyo na jina lake la ubatizo.

Siku ya msiba dizeli haikuwapo tena. Madumu mengi yalikuwa yamevuka Mto Songwe kwenda upande wa pili wa mpaka, ambako ndugu na jamaa wa wafanyabiashara walikuwa wakiyasubiri, na sheli za mjini zilikuwa zimefunga kamba kwenye pampu za dizeli. Petroli ilikuwapo kidogo. Tenki la pikapu lilikuwa na robo.

"Subiri kesho," Mudathiri alimwambia, safari hii bila mzaha. "Nimesikia tenka liko njiani. Au panda na Godlove, mtoe viti, jeneza litaingia. Mwenzio amejaza tangu juzi."

Godlove mwenyewe alikuwa amesimama hapo, macho mekundu. "Kaka, twende na langu. Njia ni moja, baba ni mmoja."

"Jeneza litapanda pikapu," Hebroni alisema.

"Kwa nini lazima?"

Hapo angeweza kusema. Lakini maneno ya mzee aliyaona ni yake, urithi pekee ambao hakutaka kuugawa mbele ya duka. Alisema tu, "Mimi ndiye mkubwa." Godlove akatazama pembeni, na Mudathiri akaanza kupanga chupa za oili ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Nyumbani kwake Hebroni alikuwa na dumu la mawese alilopewa na mama yake, Kisa, kutoka michikichi ya mzee kule Busale. Jua la mchana lilikuwa limeyalainisha, yakimiminika mekundu na mepesi. Aliyachuja kama alivyoyachuja mwaka ule, bila haraka, akayamimina yote kwenye tenki.

Walipanda magari mawili. Godlove alibeba wanawake na baba yao mdogo, Ambilikile, ambaye sasa ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo. Hebroni alitangulia peke yake. Kutoka Kyela kwenda Mbeya ni kupanda tu: unaacha joto la mpunga na kokoa, unaingia kwenye migomba na chai ya Tukuyu, halafu viazi, halafu ukungu. Injini ilikuwa ya moto, mchana ulikuwa mzuri, na pikapu ilipanda kama iliyokuwa ikiitwa jina. Kwenye kona za juu Hebroni alitazama kioo, akaliona gari la mdogo wake likilia kwa gia ndogo, limejaa watu, likiachwa. Moyo wake ulipata raha ambayo haikustahili siku ile. Alijua haistahili, na hakuifukuza.

Walipofika Mbeya, Godlove alisimama sheli. Pampu za dizeli zilikuwa zikifanya kazi.

"Kaka, hapa ipo. Jaza."

"Tenki lina mafuta."

"Mafuta gani?"

"Mafuta," Hebroni alisema. Na kweli yalikuwamo, ya kutosha kurudi. Angeweza kununua dumu la akiba, angeweza hata kutoa mawese yote akatia dizeli safi. Alitazama pampu ile, akaona akiigusa atakuwa amekubali jambo fulani mbele ya mdogo wake. Akapandisha kioo.

Walilala kwa jamaa Uyole. Ulikuwa mwezi wa saba, na usiku wa mwezi wa saba kule juu unauma kama mbwa. Magari yalilala nje. Alfajiri majani yalikuwa meupe kwa baridi. La Godlove liliwaka kwa mguso mmoja, likanyamaza kwa upole wake. Pikapu ilikohoa, ikatetemeka, ikatoa moshi mweupe, mwishowe ikashika. Hebroni aliipasha muda mrefu. Dizeli na baridi si marafiki, hilo alilijua kila fundi; injini yenyewe imepoa, hewa inayobanwa haipati moto upesi. Alidhani ni hilo tu.

Mwili ulitolewa hospitalini, jeneza likafungwa vizuri juu ya pikapu kwa kamba na kanga, na wanawake wakaanzisha wimbo wa kanisani. Hebroni alikwenda polepole, madirisha wazi, ili mzee asikie. Kwa mara ya kwanza tangu jana machozi yalimtoka, na hakuyafuta.

Karibu na Isyonje, pale njia inapofika juu kabisa kabla ya kuanza kuteremka, pikapu ilianza kukosa nguvu. Alikanyaga mafuta, haikuitikia. Alishusha gia. Ikavuta, ikasita, ikavuta, ikazimika kwenye ukungu kando ya wauza viazi.

Alishuka. Ikiwa dizeli imezimika ghafla, fundi hufikiria hewa kwanza, kwamba mahali fulani bomba limevuta upepo. Alilegeza nati kwenye pampu, akapampu kwa mkono, akatoa hewa, akakaza. Akapiga stata. Ikawaka kidogo, ikafa. Akarudia kutoka mwanzo. Hakuruka hatua hata moja. Ndivyo alivyofanya kazi maisha yake yote, na watu walimsifu kwa hilo.

Ukungu ulilowesha kanga juu ya jeneza. Wanawake waliimba, kisha waliimba chinichini, kisha wakanyamaza. Ambilikile alitazama saa yake.

"Mchungaji anatusubiri. Kaburi limechimbwa tangu jana."

"Nusu saa, baba mdogo."

"Hata mara ya kwanza ulisema hivyo."

Godlove alisogea, mikono ndani ya koti. Hakuwa na kejeli usoni, na hilo lilimuumiza Hebroni zaidi. "Kaka, tumhamishe. Viti vinakunjwa. Wanawake watapata basi hapa hapa."

"Hapana."

"Kwa nini hapana?"

Basi Hebroni akasema, akiwa amepiga magoti kwenye tope, spana mkononi. "Baba aliniagiza. Alisema nimrudishe na dizeli. Alisema wamsikie tangu darajani."

Maneno yaliyokuwa matamu wodini, hapa kando ya viazi yalisikika kama ya kutunga.

"Alikuambia lini?" Godlove aliuliza taratibu. "Mimi nilikuwa naye Jumatatu na Jumanne. Hakuniambia."

"Aliniambia mimi."

"Kaka, baba alipanda gari langu miaka sita."

Ambilikile aliinua mkono wake, akawanyamazisha wote wawili. "Sitaki kujua nani aliambiwa nini. Marehemu hasubiri fundi. Vueni kamba."

Waliivua. Hebroni alishika upande mmoja wa jeneza, kwa sababu hata mtu aliyeshindwa hawezi kumwacha baba yake abebwe na wengine huku anatazama. Liliingia kwenye gari la Godlove kwa shida, miguu mbele, mlango wa nyuma ukafungwa kwa kusukumwa na bega.

"Panda," Ambilikile alimwambia. "Liache hilo dude. Nafasi yako ipo mbele."

Ilikuwapo, mbele, kando ya mdogo wake, kwenye kiti alichokuwa akikalia baba. Hebroni alikiona kiti kile.

"Nendeni. Nitawakuta Tukuyu. Gari langu halijawahi kunishinda."

"Hebroni," Ambilikile alisema.

"Nitawakuta."

Gari la petroli liliwaka kwa mguso mmoja, likateremka kwenye ukungu. Mtu asiyelitazama asingejua limeondoka.

Walipokwisha kupotea ndipo alipofungua chujio la mafuta, hatua ambayo katika mpangilio wake ilikuwa inafuata. Ndani hamkuwa na mafuta. Mlikuwa na kitu cha rangi ya chungwa, kizito, kilichoshikamana kama siagi. Aliingiza kidole, kikatoka kimejaa. Alikaa akikitazama kidole chake.

Mama mmoja muuza viazi, aliyekuwa akiota moto wa jiko la mkaa, alinyoosha shingo. "Ni mawese hayo, baba?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona umeyaleta huku? Huku kwetu mawese tunachota kwa kisu." Alisema kwa huruma, kama anayemwambia mgeni njia.

Hebroni alijua. Alikuwa amejua maisha yake yote. Kila mama yake alipompelekea shangazi ndoo ya mawese Tukuyu, alimsisitiza anayeibeba: mwambie aiweke karibu na moto. Hebroni mwenyewe aliibeba ndoo hiyo mara nyingi, akalisema neno hilo mlangoni kwa shangazi, akapewa chai. Lakini ndoo ya mama ilikaa upande mmoja wa kichwa chake na injini upande mwingine, na katika miaka yake yote ya kuendesha Ipinda, Matema, Itungi na Busale, kwenye joto la bonde, hakuna siku vitu hivyo viwili vilipokutana. Dizeli haichagui chakula. Ila baridi ilikuwa imekichagua chakula chake.

Aliosha chujio, akarudisha. Likaziba. Aliosha tena. Mama yule alimpa jiko lake. Hebroni akaliweka chini ya bomba, jambo ambalo kwa gari la petroli asingethubutu hata kwa kuota, na akaanza kuyeyusha safari yake shubiri kwa shubiri. Simu ililia. "Nusu saa," alisema. Ikalia tena walipokuwa Tukuyu. "Nusu saa." Ikalia walipofika Busale, na sauti ya Ambilikile haikuwa na hasira tena, ilikuwa na uchovu. "Nakuja, baba mdogo. Nusu saa." Baada ya hapo haikulia.

Mchana ukungu ulipasuka. Jua lilipiga boneti, likapiga tenki. Alipiga stata bila matumaini, na pikapu ikawaka kwa nguvu, ikanguruma, sauti nzito iliyokamilika, kama iliyokuwa imelala tu. Mama wa viazi alipiga makofi. Hebroni alimrudishia jiko lake, akamshukuru kwa ndaga, na hakuweza kumtazama.

Kadiri alivyoteremka ndivyo gari lilivyozidi kuwa zuri. Joto la Kyela lilimpokea na injini ikawa laini kabisa. Kwenye daraja la kuingilia kijijini alisikia mlio wake ukigonga maji na kurudi. Watu walitoka majumbani wakatazama. Nyuma palikuwa patupu, pana kamba tu.

Kaburi lilikuwa uani, kando ya migomba, udongo umeshapigwa vizuri na misalaba ya majani na maua imewekwa juu yake. Wanaume walikuwa wamekaa pembeni. Alizima gari, akasogea, akachota udongo kidogo. Hapakuwa na shimo la kuutupa. Aliuweka juu ya udongo mwingine.

"Tulikungoja," jirani mmoja alimwambia, mzee aliyefanya kazi Itungi na baba yake. "Lakini hata wao hatukuwasikia. Tulikuwa hapa tunaongea, tukageuka, tukakuta jeneza liko uani. Tulishtuka mno. Vilio vilichelewa kuanza."

Hebroni alipangusa udongo viganjani.

Ambilikile alikuja akanyoosha mkono. "Nipe ufunguo."

Alimpa. Baba mdogo alipanda kwenye pikapu, akaugeuza ufunguo mara moja. Injini ikawaka papo hapo. Wanaume wote waligeuka. Ambilikile aliishusha miguu yake chini lakini hakuzima injini. Alitaka kila mtu asikie.

"Mbona nzima?"

"Mafuta yaliganda," Hebroni alisema.

Godlove alikuwa amefungua kifuniko cha tenki. Alichovya kijiti, akakitoa kikidondosha. Aliwaonyesha wengine, si kwa kiburi, kama mtu anayetafuta sababu ya kumwamini nduguye na haioni. "Kaka, haya ni mepesi kama maji."

"Yaliganda kule juu."

"Kama hukutaka kupanda na mimi," Godlove alisema, na sauti yake ikakatika, "ungesema tu. Kulikuwa na haja gani ya kumtungia baba maneno?"

Injini iliendelea kuunguruma kando ya kaburi. Moshi ulitambaa chini ya migomba, ukaingia kwa wanawake waliokaa ndani, na watoto wakainua pua, wakifikiri chakula kimeiva. Kisa alitoka mlangoni, amejifunga kanga kiunoni, akishikwa mkono na shemeji yake. Alisimama. Alivuta harufu ile mara mbili. Mafuta yale alikuwa ameyakamua kwa mikono yake, na hakuna aliyehitaji kumweleza yameingiaje mle. Alitazama pikapu, akatazama mlima ulioonekana mbali upande wa kaskazini, umevaa wingu lake, kisha akamtazama mwanawe mkubwa. Wanaume walingoja aseme neno.

Angeweza kusema habari ya ndoo ya Tukuyu inayowekwa karibu na moto, na wote wangemwamini mwanawe. Hebroni alimwona akilifikia neno hilo, akaliona likisimama mdomoni mwake, kisha likarudi.

"Zima," alisema. "Zima, mwanangu. Ameshalala."